Mafuta ya breki ya DOT 4: yanaufaa mteremko wa Mai Mahiu?

Kushuka Mai Mahiu, hapa Kenya, nyuma ya lori la kontena, mguu hautoki kwenye breki. Kwenye Stelvio, barabara ya mlimani kule Italia yenye kona 48 za kupinda nyuma upande wa Prato, dereva hukanyaga kwa nguvu kabla ya kona kisha akaachia, breki zikapumua. Huku kwetu hazipumui, na hapo ndipo mafuta yaliyozeeka hukuangusha.

Kiwango cha DOT 3 kinataka yasichemke chini ya nyuzi 205 yakiwa mapya, na 140 yakishanyonya maji. DOT 4 ni 230 na 155. Ukiyaacha yazeeke umebaki na faida ya nyuzi 15 tu, kwa hiyo yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Gari lililoandikiwa DOT 3 linapokea DOT 4 bila shida. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na haya kamwe.

Kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, mafuta haya hayakosekani. Nunua chupa iliyofungwa. Ya kupimiwa kutoka kopo lililo wazi ni hasara, kwani hunyonya unyevu wa hewani.

Lita moja hutosha gari dogo. Fundi anyonye ya zamani kwenye tangi kwa sindano, ajaze mapya, aanzie gurudumu la nyuma kushoto, ambalo kwa magari mengi ya usukani wa kulia ndilo lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali ya breki. Msaidizi akanyage mara tatu, ashikilie. Nati ya kublidi, ile ya kutolea mafuta na hewa kwenye gurudumu, ifunguliwe kidogo, kisha ifungwe kabla mguu haujaachia, la sivyo hewa inarudi ndani. Tangi lisikauke. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji papo hapo. Aqua na Prius, kwa kuwa ni haibridi, zinahitaji mashine ya kompyuta. Fundi asiye nayo asiziguse.

Kwa bei yake tunaipa DOT 4 alama nzuri, ila haitibu kila kitu. Pedali ikizama hadi sakafuni huko chini, mafuta yamechemka. Ikibaki ngumu na gari halisimami, pedi ndizo zimepata moto kupita kiasi, na hakuna chupa itakayosaidia.

Dawa ya hilo ni gia. Probox ya otomatiki yenye kitufe cha O/D (gia ya juu kabisa), kizime kisha ingia 2 kabla mteremko haujaanza. Aqua, weka B. Na wanaotia nyutro eti waokoe petroli wanajidanganya: injini ya injekta ikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye kichapuzi hukata petroli, ilhali kwenye nyutro inaendelea kuichoma.

Magurudumu yakinuka, usiyamwagie maji, diski zitapinda. Endesha polepole bila kukanyaga, upepo uzipoze.