Mwaka mmoja nikiegesha chini ya paneli za sola: uzoefu wangu

Sasa ni zaidi ya mwaka naegesha gari kazini chini ya paa la paneli za sola. Gari langu ni la umeme, na kwa kuwa naishi ghorofani sina pa kulichajia nyumbani. Maegesho haya ndiyo sheli yangu.

Nilichokipenda kwanza ni kivuli. Aliyewahi kuacha gari juani tangu asubuhi anajua jioni yake: usukani haushikiki, chuma cha mkanda kinaunguza, na kiyoyozi kinahangaika kupoza tanuri kabla hujatoka hata getini. Kwenye gari la umeme, kiyoyozi hicho kinakula betri ileile inayotakiwa kukufikisha nyumbani. Betri ya lithiamu nayo haipendi joto; ikikaa kwenye joto kali miaka nenda miaka rudi, inachakaa mapema. Ndiyo maana hata wenzangu wa magari ya petroli wanawahi kugombania nafasi hizi.

Kuhusu umeme, siku moja nilisimama nikahesabu paneli zilizo juu ya nafasi yangu. Ni sita, kila moja ya wati 400, jumla kilowati 2.4 pale hali zote zinapokuwa nzuri. Siku ya jua la kutosha zinatoa kama uniti 10 (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja). Gari langu linakula takriban uniti 16 kwa kilomita 100, kwa hiyo kipande cha paa kinachofunika gari moja kinazalisha umeme wa kilomita 60 hivi kwa siku. Safari yangu, kwenda na kurudi, ni kilomita 38. Hesabu hiyo niliirudia mara tatu kwa furaha.

Getini kuna skrini inayoonyesha umeme unaozalishwa wakati huo. Nilidhani siku ya joto kali ndiyo itakuwa na namba kubwa kuliko zote, kumbe sivyo. Paneli za silikoni hupungua nguvu zikipata moto, kama asilimia 0.3 hadi 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25, na jua la mchana linaweza kuipandisha paneli hadi nyuzi 60. Namba kubwa nimeziona siku inayofuata mvua, anga jeupe, upepo wa baridi, vumbi limeoshwa.

Kero yangu kubwa ni chaja. Nafasi ni 120, chaja ni 12, kila moja ya kilowati 7. Saa moja na nusu asubuhi zote zimeshakamatwa. Mwenye gari linalojaa saa nne asubuhi yuko mkutanini, kwa hiyo gari lake linabaki na kebo hadi jioni bila kupokea chochote, huku mimi nikizunguka. Na wengi wetu tunakaa kazini kwa muda wa saa nane au tisa! Gari linalolala muda wote huo halihitaji kilowati 7. Hata kilowati 2 zingenipa uniti 16, ambazo ni kilomita 100, yaani zaidi ya ninachohitaji. Kwa umeme uleule uongozi ungeweza kuweka plagi za polepole zaidi ya 40, kila mtu akachomeka asubuhi na kuondoka jioni bila kumkimbiza mwenzake.

Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2023 iliyotaka maegesho ya wazi yanayozidi mita za mraba 1,500 yafunikwe angalau nusu kwa paneli, pamoja na misamaha kadhaa. Nilipoisoma nilifurahi, kisha nikajiuliza: chini ya mapaa hayo yote, dereva wa kawaida atapata pa kuchomeka?

Kero nyingine ni za ujenzi. Paneli zimepangwa zikaachiana nafasi, na hakuna mfereji wa kukinga maji, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanashuka kwa mstari mmoja, mstari wenyewe ukiwa mlangoni kwa dereva. Nguzo zimesimama usawa wa milango; mwenye mtoto wa kufunga kwenye kiti cha nyuma anapata taabu. Njiwa nao wamehamia kwenye vyuma vya paa.

Foleni ya kurudi nyumbani iko palepale, hilo paa haliwezi kuligusa. Ila sijasimama kituoni kusubiri gari lichaji tangu nianze kuegesha hapa. Linapata chakula chake likiwa limelala, na kwangu hilo limebadilisha kabisa maana ya kuwa na gari mjini.

Nayapa maegesho haya nyota nne kati ya tano. Nimeuandikia uongozi kuhusu zile plagi za polepole. Kwa sasa nawahi saa moja kamili, nachukua nafasi ya mwisho kabisa ambako nguzo iko mbali na mlango, na mchana nikishaona betri imejaa nashuka kuchomoa kebo ili mwingine apate.