Ujumbe wa kamati ya zahanati, Tanga: kiti chenye kazi

Anayeingia kamati ya usimamizi wa zahanati akitafuta posho atachoka kabla ya kikao cha pili. Anayeingia kwa sababu amechoshwa na kuandikiwa dawa akanunue nje, huyo kafika mahali pake. Kwa mkazi wa Makorora, Mwanzange, Duga au Pongwe, hakuna kiti kingine kinachomsogeza mgonjwa wa kawaida karibu hivi na stoo ya dawa na daftari la fedha. Wengi hawajui hata kwamba kipo.

Uingereza nako wana vikundi vya wagonjwa; tangu Aprili 2015 mkataba unaitaka kila kliniki ya daktari wa familia huko England iwe na kimoja. Vile kazi yake hasa ni kutoa maoni. Kamati ya kwetu inapitia mpango na bajeti ya kituo na kupokea taarifa ya mapato na matumizi. Uzito huo uliongezeka mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zilipoanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo badala ya kusubiri halmashauri. Fedha ikiwa pale pale zahanati, wa kuiuliza naye awe pale pale.

Kuingia si kugumu, ila kuna kupitwa. Kamati hukaa miaka mitatu. Baadhi ya wajumbe hutoka kwa wananchi wanaotumia huduma, wengine huwakilisha Kamati ya Maendeleo ya Kata na serikali ya mtaa au kijiji, na mganga mfawidhi ndiye katibu. Muda ukikaribia kwisha, usingoje kuona tangazo ukutani, maana mara nyingi hubandikwa ndani ya ofisi usikoingia. Nenda kwa mtendaji wa kata, umuulize kamati iliyopo inamaliza lini. Andaa barua ya maombi, pamoja na ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa. Kusoma na kuandika Kiswahili ni lazima, na hesabu za kujumlisha na kutoa ni lazima zaidi, hata kama hakuna anayekwambia.

Kazi yenyewe iko stoo. Chukua dawa mseto ya malaria. Huja kwa pakiti za aina nne kufuata uzito: vidonge 6 kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, vidonge 12 kwa kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 18 kwa kilo 25 hadi chini ya 35, na 24 kwa kilo 35 kwenda juu. Pakiti za watoto zikiisha, nesi hukata za wakubwa. Pakiti moja ya 24 inatosha watoto wanne wa dozi ya vidonge 6. Kwa mgonjwa hapo hakuna tatizo, mtoto kapata dozi yake kamili. Tatizo huingia kwenye leja, daftari la dawa zinazoingia na kutoka stoo. Imeandikwa pakiti kubwa moja imetoka, rejista ya wagonjwa inaonyesha watoto wanne, na hakuna aliyeandika kwamba pakiti ilikatwa. Agizo linalofuata kwenda Bohari ya Dawa (MSD) linasema pakiti kubwa ndizo zinazotumika na ndogo hazihitajiki. Basi zinaletwa kubwa tena, na kukata kunaendelea.

Ndiyo maana mjumbe makini haulizi "mbona dawa hakuna?" Anaomba leja, anachagua dawa tatu, anahesabu maboksi rafuni na kulinganisha na salio la mwisho. Anatazama pia tarehe za kwisha muda: ya kwisha mapema ikae mbele, itoke kwanza. Nusu saa inatosha.

MSD ikikosa dawa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeingia mkataba na mkoa, lakini kwanza lazima kuwe na taarifa ya MSD kwamba dawa hiyo haipo. Hapa ndipo wiki hupotelea. Uliza tarehe mbili tu: taarifa ya MSD ilipokelewa lini, na oda kwa mshitiri ilitoka lini? Siku zilizolala kati ya tarehe hizo ndizo wagonjwa walizotumwa duka la dawa.

Kwenye fedha, wajumbe wapya wana kosa moja linaloumiza watu. Wanaona foleni ndefu na mapato madogo, wanahitimisha kuna wizi. Lakini wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatibiwa bila kulipa, na asubuhi ya kliniki hao ndio wanaojaza benchi. Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, tenganisha waliolipa na waliosamehewa, kisha linganisha taarifa ya robo mwaka na karatasi ya benki mstari kwa mstari. Isiposhikana, iandikwe kwenye muhtasari kwa kiasi na tarehe. Neno "wasiwasi" peke yake kwenye muhtasari halimsaidii mtu.

Sanduku la maoni ni udhaifu wa vituo vingi. Ufunguo ukikaa kwa mfawidhi, hakuna atakayeandika kwamba kajibiwa vibaya chumba cha kujifungulia. Inafaa sanduku lifungwe kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mjumbe wa wananchi, lifunguliwe mbele ya watu wawili kwa tarehe inayojulikana, na karatasi zihesabiwe kabla ya kusomwa.

Kasoro za kiti hiki hatuzifichi. Vikao vya robo mwaka huitwa kwa simu asubuhi ile ile, makabrasha hugawiwa mezani, na saini hutakiwa kabla chai haijapoa. Dai makabrasha wiki moja kabla. Ukikosa, omba iandikwe kwamba hukuyapata. Nauli wakati mwingine haipo, jambo linalowaonea kina mama wanaotoka mbali. Na kamati haina mamlaka ya kumhamisha mtumishi. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa kwa mganga mkuu wa halmashauri kwa barua.

Kwa mwenye subira ya kusoma karatasi, tunakipendekeza bila kusita. Ukichaguliwa, kikao cha kwanza omba vitu vitatu: mpango wa kituo wa mwaka unaoanza Julai, taarifa ya benki ya miezi mitatu iliyopita, na leja ya dawa. Anza na leja.