Amemzika kaka yake, kisha akaniuliza kama nimepata habari zake

Gemu yenyewe siitaji jina. Wanaofuatilia RPG za kompyuta, zile gemu za kuishi kama mhusika ndani ya hadithi, wataitambua kwa maelezo, na wasiofuatilia hawapotezi kitu. Mambo ya kadi ya picha inayohitajika, ukubwa wa ramani na saa za kuimaliza yameandikwa kila mahali, katafuteni. Mimi nimekuja kusema jambo moja tu, na bado linanichoma.

Kuna mhusika mmoja, dada mpiga upinde. Unakutana naye mapema, amekaa juu ya ukuta wa ngome iliyobomoka, na mdomo wake ni mkali kuliko mishale yake. Anakuita kwa cheo chako kwa dharau mpaka umthibitishie kuwa unakistahili. Nilimpenda palepale. Nilimwingiza kundini na sikumtoa tena, hata katika mapambano ambayo mtu mwenye akili angemwacha kambini na kumchukua mganga. Habari yake ni ya kaka yake. Walipotezana utotoni vita vilipoingia kijijini kwao, na tangu hapo anamsaka. Mkipiga kambi anakusimulia jinsi kaka huyo alivyomfundisha kushika upinde kwa mkono wa kushoto, na jinsi alivyokuwa akijificha mvungu wa kitanda radi zikipiga. Maneno yameandikwa vizuri sana, na mwigizaji aliyempa sauti anajua kazi yake. Nikawa nasubiri usiku wa kambi kwa hamu, si kwa sababu ya levo wala silaha, bali nimsikie anaendelea kusimulia.

Baada ya safari ndefu mkampata. Yuko mgodini, kageuzwa askari wa adui, hamkumbuki dada yake mpaka dakika ya mwisho, na dakika hiyo ya mwisho ni ya kufa kwake. Dada anachimba kaburi kwa mikono yake mwenyewe. Gemu haikuruhusu kurusha tukio hilo hata ubonyeze nini, na walifanya sawa kabisa. Niliondoa mikono kwenye kibodi nikatazama. Mdogo wangu wa kike, ambaye hachezi gemu na alikuwa amekaa nyuma yangu na simu yake, aliiweka simu chini.

Tukatoka mgodini. Hatujafika hata darajani, yule dada akafungua mdomo kwa sauti ya uchangamfu: "Tazama mabonde haya! Siku tukimpata kaka yangu, lazima nimlete huku."

Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, si ndiyo wametoka kumzika sasa hivi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nikajipa moyo kwamba ni kasoro ndogo, itapita. Usiku tukapiga kambi, nikaona ile alama juu ya kichwa chake kwamba ana neno. Nikamwendea mbio, nikiamini sasa ndipo msiba utazungumzwa. Akaniuliza kama nimepata habari zozote za kaka yake. Na majibu niliyopewa kuchagua yalikuwa mawili: "Bado" na "Usijali, tutampata." Basi. Hakuna jibu la tatu. Mimi niliyesimama naye kaburini nililazimishwa kumdanganya mfiwa machoni pake, kwa kuchagua aina ya uongo. Nilizima kompyuta.

Watu wataniambia ni hitilafu tu ya programu, kila gemu inazo. Najua zipo. Nimeona farasi wakitembea angani, nimeona adui akizama ardhini mpaka kiunoni, nikaendelea kucheza bila kinyongo. Farasi akipaa, macho yangu ndiyo yanayosumbuka. Mfiwa akisahau maiti yake kabla hata matanga hayajaanuliwa, kila kitu alichowahi kuniambia kinakufa kwa kurudi nyuma. Ule mkono wa kushoto, zile radi, mvungu wa kitanda: vyote vikageuka sauti zilizorekodiwa zinazosubiri zamu yao. Nilikuwa nimezama kabisa ndani ya ule ulimwengu, na sentensi moja ikanitoa.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kulizuia jambo hili si ufundi wa ajabu. Niliwahi kufungua faili za Baldur's Gate II kwa programu ya Near Infinity, ile wanayotumia watu wanaoongeza wahusika na visa vyao wenyewe. Ukiingia mle unaona kila kauli ya wenzako ina masharti mbele yake. Fulani yumo kundini? Fulani amekufa? Jambo fulani limeshatokea au bado? Masharti yakitimia, kauli inatoka. Yasipotimia, inakaa kimya. Maongezi ya njiani yanachotwa kutoka kwenye rundo la kauli kama hizo pale mnapotembea bila vita. Kwa hiyo kilichohitajika kwa dada yangu mpiga upinde ni mtu mmoja apitie kauli zote zinazomtaja kaka, na mbele ya kila moja aandike: kama kaka yu hai. Kazi ya kuchosha, ndiyo, na kauli ni nyingi. Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe! Ukishaniuzia mhusika kwa huzuni yake, kuilinda huzuni hiyo ni wajibu wako.

Nimeitaja Baldur's Gate II kwa makusudi. Ilitoka mwaka 2000, picha zake ni za kuchorwa, wahusika ni vidole gumba kwenye skrini, na sehemu kubwa ya mazungumzo unaisoma bila kusikia sauti. Jaheira na Khalid walikuwa mke na mume tangu gemu ya kwanza ya 1998, na hawakutengana: ukimwondoa mmoja kundini, wa pili anafuatana naye. Ya pili inapoanza uko gerezani kwa mchawi Irenicus, na kabla hujatoka humo mnaukuta mwili wa Khalid. Jaheira anaumia mbele yako. Muhimu ni kinachofuata: haishii hapo. Mbali sana mbele, umeshazunguka mji wa Athkatla na viunga vyake, bado Khalid yumo katika maneno yake, na ukijaribu kumkaribia kimapenzi unakuta marehemu amekaa katikati yenu. Mjane yule ananihukumu, ananikaripia, anajihukumu mwenyewe kwa kuanza kunipenda. Maandishi matupu na picha ndogo ya uso pembeni, lakini ni mtu.

Au Alistair wa Dragon Age: Origins, ya 2009. Duncan, mtu aliyemchukua akamfanya Grey Warden, yaani mmoja wa kikosi cha wapiganaji dhidi ya mapepo, anakufa vitani Ostagar baada ya jenerali Loghain kuondoa jeshi lake na kuwaacha wenzake wachinjwe. Alistair ana mzaha mwingi, anaweza kukuchekesha katikati ya mashimo ya mapepo. Kidonda chake lakini hakifungi. Baadaye ukiipata ngao ya Duncan ukampa, unaona anavyoipokea. Na ukifika kwenye baraza kuu ukaamua kumsamehe Loghain na kumwingiza katika Grey Warden, Alistair anakuacha. Mmekula pamoja, mmepigana pamoja, pengine mmependana, na anaondoka kundini. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilimkasirikia sana, na hasira yangu ilikuwa ile ya kumkasirikia binadamu, si kompyuta. (Ile mizani yao ya kupendwa, kutoka hasi mia hadi mia, sijawahi kuipenda. Unampa mtu zawadi namba inapanda. Ila hata mizani hiyo haikuweza kununua msamaha wa Loghain, na hapo nawavulia kofia.)

Boone wa Fallout: New Vegas, 2010, ndiye ninayemweka juu ya wote. Mlenga shabaha wa usiku pale Novac, mke wake Carla ameuzwa utumwani kwa Legion, jeshi katili linalomiliki watumwa. Kazi ya kwanza anayokupa ni kumtafuta aliyemuuza, ukimpata mlete mbele ya lile sanamu la dinosaria kisha uvae bereti yake. Ukivaa, anafyatua. Hakuna hotuba. Baada ya hapo anatembea nawe na maneno yake ni ya kuhesabika. Huwezi kumkalisha kambini na kumchimba kwa maswali mpaka aseme yote. Anafunguka kutokana na mliyoyafanya pamoja, hasa mnapowashughulikia Legion akiwa kando yako, na hapo ndipo unaanza kujua kilichotokea Bitter Springs, mahali pa mauaji yanayomwandama tangu alipokuwa askari. Ukiwa rafiki wa Legion, usimtegemee. Ukimya wake wote unamhusu Carla bila kumtaja. Mwandishi aliyemtunga alielewa kwamba mtu mwenye msiba haimbi msiba wake kila mkivuka daraja, lakini haukosi katika kila anachofanya.

Sasa rudini kwa dada yangu na mabonde yake mazuri.

Niliwaandikia watengenezaji. Niliandika kwa adabu, nikaeleza tukio, mahali, kauli yenyewe neno kwa neno. Jibu lililokuja lilinishukuru kwa kuwa mteja wa thamani, kisha likaniambia nijaribu kusasisha draiva ya kadi ya picha. Kadi ya picha! Mtu amesahau kifo cha kaka yake, naambiwa nikaangalie draiva. Nikaandika tena, nikasema tatizo liko kwenye mazungumzo, si kwenye picha. Likaja jibu lilelile, jina la chini tu limebadilika. Halafu sasisho likatoka, nikasoma orodha ya mabadiliko yote kutoka juu hadi chini: uzito wa ngao umepunguzwa, bei za mfanyabiashara wa bandarini zimerekebishwa, nywele hazipiti tena ndani ya kofia ya chuma. Nywele zimepata mtu wa kuzishughulikia.

Hapo nilikuwa nimeshaandika tathmini hii kwa nyota moja na nimeshaamua kuifuta gemu. Ningeishia hapo ingekuwa rahisi. Lakini niliendelea kidogo, kwa sababu nilitaka kujua kama wengine nao wameharibika, na nikafika kwenye ile sehemu ya mateka.

Mmeiteka kambi ya adui. Kuna askari waliojisalimisha, vijana watupu, wamepiga magoti mstari mmoja. Kamanda wa upande wenu anataka wauawe, na gemu inakupa nafasi ya kutoa amri. Mimi kwa hasira zangu na kwa kutaka kujaribu, nilimwamuru yule dada apige. Alinyanyua upinde. Akaushusha. Akasema hapana, mmoja wao anaweza kuwa kaka wa mtu. Nikarudia amri, akauweka upinde chini mbele yangu, akatoka kundini akaenda kusimama pamoja na mateka. Nilibaki kimya mbele ya skrini. Kaka yake alikuwa askari wa upande huohuo wa wale vijana, alivaa sare ileile. Mtu fulani katika ile kampuni aliliona hilo, akaliandika, na hakumfanya dada aeleze chochote zaidi ya sentensi moja. Ni tukio la hadhi ya Boone. Nalisema bila kusita.

Basi nyota tatu? Niliziweka. Nikakaa nazo siku kadhaa. Nilirudi kwenye sevu ya kabla ya ile amri, nikawaachia mateka, dada akabaki kundini, akanitazama kwa namna mpya kabisa. Nikaanza kumwamini tena. Kisha tukiwa tunapanda mlima, jua linazama, akasema angependa kaka yake aone vile theluji inavyong'aa, na kwamba siku tukimpata atamleta.

Kinachoniua ni kwamba wanaweza. Kama mhusika angekuwa mbovu tangu mwanzo ningemwacha ukutani kwake nikaendelea na maisha yangu, wala nisingeandika aya hizi zote. Waliomwandika wana kipaji ambacho sijakiona kwa muda mrefu, na waliokabidhiwa kuunganisha maneno yake na matendo yake hawakumjali. Sijui nimlaumu nani kati yao. Mwandishi pengine aliomba muda wa kupitia kauli zake akanyimwa. Au pengine hakuna aliyeomba.

Ukicheza gemu hizi kwa ajili ya mapigano, na mazungumzo unayarusha, nunua, mapigano ni mazuri na hutajutia hela yako. Ukicheza kwa ajili ya wahusika, kama mimi, usinunue sasa. Subiri, soma kila orodha ya sasisho, tafuta kama wamegusa mazungumzo ya mpiga upinde, na wasipogusa ngoja mashabiki walitengeneze wenyewe kama walivyoitengeneza Baldur's Gate II miaka yote hii. Nyota nimeweka mbili. Moja ni ya mwigizaji wa sauti, ya pili ni ya aliyeandika sehemu ya mateka, na wawili hao peke yao ndio ninaowadai gemu nyingine. Kampuni yenyewe naidai sentensi moja ya masharti mbele ya kila kauli inayomtaja kaka.