Pula ya usukani ya bari: kama usukani wa gari lako la zamani umeganda, soma hii kwanza kabla hujashika nyundo

Wenye magari ya zamani mnaijua hii. Unafungua nati ya usukani yote, unashika kwa mikono miwili unavuta mpaka mishipa ya shingo inasimama na kitu hakitikisiki kabisa, kama kimechomelewa. Ukikaa pale miaka 40 au 50 bila kuguswa unyevu unaingia kwenye meno ya shafti, kutu inajaa, na kama kitovu (ile sehemu ya katikati ya usukani inayokaa kwenye shafti) ni cha aluminiamu na shafti ni chuma ndo balaa zaidi maana hizo metali mbili zikikutana na unyevu zinalana zenyewe kwa zenyewe.

Sasa hii pula, yaani kifaa cha kuvuta usukani utoke kwenye shafti. Ni bari nene ya chuma, imekatwa mifereji pembeni, katikati kuna skrubu kubwa, afu unapewa na pakiti ya bolti za saizi tofauti. Bolti mbili zinaingia kwenye yale matundu mawili yenye thredi kwenye kitovu, skrubu ya kati inakanyaga kichwa cha shafti, ukikaza inasukuma shafti huku inavuta usukani. Nguvu yote inabaki hapo kati ya kitovu na shafti tu, haiendi kwenye spoki. Hapo ndo inaipiga bao pula ya kucha, ile inayoshika usukani kwa nyuma, maana usukani wa zamani wa plastiki ngumu ukiuvuta kwa spoki unapasuka na kuupata mwingine mzima ni kazi kweli kweli.

Na nyundo jamani tuache. Najua mafundi wengi wanagonga kichwa cha shafti na wakati mwingine usukani unatoka kweli, lakini General Motors (GM) walianza kuweka mihimili ya usukani inayojikunja wakati wa ajali kwenye magari ya 1967, na kuanzia 1968 ikawa sheria kwa magari mapya Marekani. Mingi ndani yake ina pini za plastiki zilizowekwa makusudi zikatike gari likigonga, ili shafti isimchome dereva kifuani. Ukipiga nyundo unazikata wewe, usukani unaanza kucheza, na kile kinga kimeshaondoka hata kama kwa nje kila kitu kinaonekana kizima. Hili linaniuma sana kuona watu wanalichukulia poa.

Kazi yenyewe imeenda vizuri. Chomoa betri kwanza, toa kitufe cha honi, nyoosha matairi, afu piga alama ya rangi kwenye kitovu na shafti ili urudishe palepale. Oili ya kupenya mwagia jana yake, sio dakika ile ile. Nati usiitoe yote, iache imeshika thredi chache na iwe sawa na kichwa cha shafti, inalinda thredi na pia usukani ukiachia ghafla haukurukii usoni. Paka grisi skrubu ya kati, kaza, ukiona imekuwa ngumu acha kidogo, ongeza oili, pasha kitovu taratibu na mashine ya hewa ya moto ila mbali na plastiki, rudi ukaze robo. Wangu ulikaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kuwaza vingine, mara paaa! mlio mmoja mkali na usukani ukalegea wote kwa mara moja, hakuna mkwaruzo wala ufa.

Malalamiko ninayo pia. Bolti walizoweka ni laini, moja ilianza kupinda nikaibadilisha na bolti ngumu zaidi. Skrubu ya kati haina kikofia kwenye ncha kwahiyo inazunguka inakwangua shafti, weka kipande cha chuma laini katikati. Kubwa zaidi ni kwamba karatasi ya maelekezo haisemi bolti ipi ni ya inchi na ipi ya milimita. Hapo watu wataharibu magari, maana magari mengi ya GM yanatumia bolti ya inchi 5/16 yenye thredi 18 kwa inchi, na bolti ya milimita 8 inafanana nayo kwa macho kabisa, inaingia raundi chache vizuri afu inakuwa ngumu, ukiilazimisha kwa spana umeshamaliza thredi za kitovu. Ingiza kwa vidole mpaka ishike vya kutosha, ikigoma sio yenyewe.

Kama usukani wako hauna hayo matundu, na magari mengi ya Ulaya ya zamani hayana, basi hii usinunue, haitakusaidia chochote.

Naipa nyota nne kati ya tano. Wakibadilisha bolti na kuandika saizi juu ya kila moja naipa tano bila kufikiria mara mbili.