Uzoefu wangu: seti ya kujiundia pedali ya fazi nyumbani

Seti hii ni ya pedali ya fazi (fuzz), yaani kisanduku cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa la umeme. Inaiga saketi ya Fuzz Face, pedali ambayo Arbiter wa London walianza kuiuza mwaka 1966. Za mwanzo zilikuwa na transista (vipuri vya kukuza mawimbi) za jemaniamu. Ndani ya pakiti hii kuna mbili za silikoni, BC108, na kwa anayepiga gitaa Dar es Salaam au Mombasa hilo ni jambo la kushukuru. Jemaniamu huvujisha mkondo kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo pedali iliyotegeshwa vizuri asubuhi hubadilika sauti mchana.

Vipuri ni vichache: rezista nne (33K, 100K, 8.2K na 330; K ni ohmu elfu), kapasita tatu, potenshiomita mbili (rezista za kuzungusha kwa kitufe), jeki (matundu ya waya wa gitaa), swichi ya mguu na kasha la alumini lisilotobolewa. Bodi ndiyo sifa kubwa ya seti hii. Njia za shaba ni pana, na thamani imechapwa penye kila kipuri. Hata hivyo pima kila rezista kwa multimita kabla ya kuilehemu, maana zina mistari mitano, na kahawia na nyekundu juu ya rangi ya bluu hudanganya macho. Kapasita ya kuingizia, ya mikrofaradi 2.2, upande wake wa chanya uelekee kwenye transista.

Ukifika kwenye transista zenyewe, tazama kiulimi kidogo pembeni mwa kopo lake la chuma: mguu ulio karibu nacho ni emita (miwili mingine ni besi na kolekta). Halafu kumbuka kwamba kopo la BC108 limeungana na kolekta. Likigusa kasha pedali inanyamaza, nawe utahangaika na waya ambazo ni nzima. Mimi hubandika tepu ya umeme upande wa ndani wa kifuniko.

Ninachokikosoa ni ile rezista ya 8.2K. Weka waya mweusi wa mita kwenye ardhi ya saketi (pale waya zote za kurudi zinapokutana), mwekundu kwenye kolekta ya transista ya pili. Unatafuta volti 4.5, nusu ya betri. Kwa silikoni huipati: emita hukaa karibu na volti 0.7 juu ya potenshiomita ya 1K, mkondo unakuwa kama miliampea 0.7, na 8.2K inakula karibu volti 6. Kolekta inabaki na 3 hivi, na noti zinakatika kabla hazijafa zenyewe. Toa hiyo 8.2K, weka trimu (rezista ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi) ya 10K, izungushe polepole hadi mita isome 4.5. Mara nyingi utaishia karibu na 6K. Trimu ni kitu cha bei ndogo sana, na muuzaji angepaswa kuiweka ndani ya pakiti.

Swichi ina miguu tisa iliyoshikwa na plastiki laini. Usikae na chuma cha moto zaidi ya sekunde mbili au tatu kwa mguu mmoja, uache upoe ndipo uende unaofuata. Dalili ya swichi iliyoungua ni hii: taa inawaka, sauti haipiti. Jeki ya kuingilia ni ya stereo kwa sababu hasi ya betri inaungwa kwenye mguu wa kati, ili ukichomoa waya wa gitaa betri ipumzike. Mchoro wa seti hausemi hivyo popote, na ukiunga moja kwa moja kwenye ardhi betri itaisha pedali ikiwa kabatini.

Kuhusu sauti, sina malalamiko. Ni nzito, ina makali, na ukipunguza kitufe cha sauti cha gitaa inasafika kabisa. Lakini hilo hutokea gitaa likiingia humo moja kwa moja. Tangulize pedali yenye bafa (saketi inayotenganisha gitaa na kinachofuata), na fazi inakuwa kali na nyembamba, kwa sababu saketi hii hutegemea koili za gitaa zenyewe. Ikinasa redio, lehemu kapasita ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na besi ya transista ya kwanza, upande wa chini wa bodi.