Kikundi cha tiba ya kisaikolojia Moshi, kwa sisi ambao vipimo havioni kitu: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Kwa miaka miwili nilikuwa nashtuka usiku moyo unakwenda mbio, vidole vimekufa ganzi, kifua kimebana. Nimepimwa moyo, ultrasaundi, damu hadi nikachoka kuchomwa. Majibu kila mara safi. Daktari mmoja akaniambia, "Mama, hayo ni mawazo tu, kapumzike." Nilitoka pale nalia, maana nilijua siigizi.

Nesi wa jirani ndiye aliyenielekeza kwa mwanasaikolojia mwenye kikundi hiki. Vikao vinane, kila Jumamosi saa nane mchana, shilingi 10,000 kwa kikao. Tulikuwa tisa. Kabla hajatupokea alitaka kuona majibu yetu ya hospitali, na akatuonya mapema: ukianza kukonda bila sababu au kutapika damu, rudi kwa daktari, usisubiri Jumamosi. Hapo nikamwamini.

Kikao cha tatu sitakisahau. Alituambia tuheme harakaharaka kwa dakika moja. Mwenye pumu na mama mjamzito aliwaacha watazame. Dakika haijaisha, vidole vikaanza kunichonyota, midomo ikafa ganzi, kichwa kikawa chepesi. Yale yale ya saa tisa usiku! Akatueleza kwamba ukihema kupita kiasi unatoa kabonidayoksaidi nyingi mno, neva zinachachamaa, ganzi inaingia. Kumbe ganzi yangu ni ya kweli kabisa, na ina njia yake mwilini, ila si kiharusi. Mzee mmoja wa Kibosho, ambaye vikao viwili hakusema neno, akasema polepole, "Mimi kwa ganzi hii nilishaandika wosia." Chumba kizima kikanyamaza. Mama aliyekaa naye akamshika mkono, akamwambia, "Pole sana, baba. Hata mimi."

Kuna na daftari. Kila jioni unaandika dalili, saa, na kilichotangulia. La kwangu lilionyesha kifua kinabana usiku wa kuamkia siku ya marejesho ya mkopo, karibu kila wiki. Nilikuwa pia nimeacha kutembea kwa hofu ya kuanguka njiani. Akanirudisha kidogo kidogo, kwanza hadi dukani, baadaye hadi soko la Mbuyuni na kurudi kwa miguu.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya chumba: ukuta ni wa plaiwudi, na siku dada mmoja alipoeleza msiba wa mtoto wake, tulisikia watu wa upande wa pili wakinyamaza kumsikiliza. Mtu anayefungua moyo hivyo anastahili ukuta wa tofali. Nimewaambia, wameahidi kuhama.

Moyo bado hunienda mbio mara mojamoja. Siku hizi nakaa kitandani, natoa pumzi taratibu nikihesabu hadi sita, simwamshi tena mume wangu akatafute bajaji.