Nyundo za kufuliwa Kamukunji: chukua kichwa, mpini tafuta mwenyewe

Kitu ya kwanza ya kuangalia kwa nyundo ya mhunzi ni uso, uzito baadaye. Hii niliyonunua Kamukunji, soko la mafundi wa jua kali Nairobi, uso wake umeinuka kidogo tu katikati na kingo zote zimezungushwa kwa tupa, kwa hivyo ukipiga chuma moto haikuachii zile alama za nusu mwezi ambazo unashinda na grinda jioni yote ukizifuta. Nyundo nyingi za hadiwea zinakuja na uso bapa na kingo kali kwa sababu ni za misumari na tindo, na kijana akianza kufua nazo anadhani mkono wake ndio mbaya, kumbe ni chombo.

Mimi natengeneza grili na mageti ya kukunja kwa moto, na visu za bucha mtu akileta oda, kwa hivyo nyundo naishika kutwa. Hii ina kilo moja na nusu hivi. Upande mmoja ni wa kupigia, ule mwingine umepunguzwa ukabaki mdomo butu uliolala kukatiza mpini, na huo ndio unasukuma chuma irefuke kule unataka bila kutanuka ovyo.

Kufika si ngumu. Ukitoka Machakos Country Bus ingia ndani kwa vibanda, wapite wa masanduku ya shule, wa majiko na wa wilbaro, hao wanapiga bati baridi na kelele nyingi ni yao, wewe tafuta mahali makaa inawaka. Wanaofua kwa moto ni wachache, ukiuliza utaonyeshwa.

Vichwa vinatoka kwa eksel kuukuu ya lori. Hapo fundi amechagua vizuri, juu chuma ya eksel ina kaboni ya kiasi, inashika ugumu ukiizimisha, yaani kuipoza ghafla ikiwa moto, lakini haimeguki haraka. Springi ina kaboni zaidi, hiyo ni tamu kwa visu na tindo, kwa kichwa cha nyundo inataka mtu makini sana. Na reli aliniambia hanunui, hata ukimletea. Nilimheshimu kwa hiyo, mnakumbuka ile marufuku ya serikali ya kuuza skrapu ya Januari 2022 iliyoondolewa Mei, ilitoka kwa watu kung'oa vyuma vya umma na kuviuza, na sisi wa kazi halali ndio tulibaki tukitafuta malighafi.

Sasa mahali pesa yangu ilienda vizuri ni kwa moto wenyewe. Nilisimama nikaangalia. Anapasha kichwa polepole, akiona kimeiva anakisogezea kisumaku cha spika ya zamani alichofunga kwa waya, sumaku ikikataa kushika anajua amefika. Hiyo si uchawi, chuma inaacha kuvutwa na sumaku ikifika karibu nyuzi 770, na ukiongeza kidogo tu hapo ndio mahali pa kuizimisha. Halafu hatumbukizi kichwa chote kwa ndoo! Anamwagia maji uso kwa mfululizo kutoka mkebe uliotobolewa, juu ukitumbukiza tu mvuke unafunika uso na katikati, pale unapogonga kila siku, panabaki laini. Anageuza anafanya upande wa pili, tundu la mpini haligusi maji. Mwisho anachukua chuma ingine nyekundu anaiingiza kwa hilo tundu, joto linatembea kutoka katikati kwenda nje, unaona rangi zikitambaa, karibu na tundu inageuka buluu na uso ukifika rangi ya strungi, chai bila maziwa, anasimamisha kwa maji. Matokeo ni uso mgumu na kiuno, pale kwenye tundu, kinachovumilia, na kiuno ndicho kinapasuka kwa nyundo iliyofanywa ngumu yote. Nimeipitisha tupa usoni, inateleza bila kuuma, hapo unajua uso ni mgumu. Nimepiga nayo tangu msimu wa mvua na uso bado haujabonyea.

Koleo zake pia nazipenda sana, labda kuliko nyundo. Mdomo umechimbwa mfereji, unashika chuma ya duara na ya pembe nne bila kucheza, na mikono ni myembamba inajikunja kidogo ukibana. Lakini hizi ni za springi, kwa hivyo zikipata moto sana usizitie maji, ziache zipoe zenyewe, la sivyo siku moja itakatika ukiwa umeshika kitu inawaka.

Tindo za kukata chuma moto ni sawa, si za kusifu. Moja ilimeguka ncha nikairudisha, akaipasha tena bila kunichaji.

Mpini ndio shida. Ni mbao yoyote iliyopatikana, mbichi, ikikauka kichwa kinaanza kucheza, na kichwa cha kilo na nusu kikichomoka kwa karakana ya watu watano hiyo ni hatari kabisa, hapa siwezi kulegeza maneno. Mwambie akuuzie kichwa pekee. Mimi nilitafuta muiri uliokauka vizuri, nikachonga mwenyewe nyuzi za mbao zikifuata urefu, nikagongea kabari. Tundu lake ni la yai na limepanuka pande zote mbili, kwa hivyo kabari inakaa.

Bei: kichwa nililipa 1,500, koleo 900 moja. Ya dukani utapata chini ya hapo, ndio, lakini hizo pesa fundi amezifanyia kazi na mimi sikuomba apunguze. Oda ilichelewa kuliko alivyoahidi, simu alishika kila mara na akasema ukweli kwamba makaa imepanda.

Ukienda jaribu kichwa kwa tupa na uangalie tundu kama liko katikati. Usigonganishe nyundo mbili kusikiza mlio, uso mgumu kwa uso mgumu unarusha vipande na jicho halina speya. Mimi sasa nangoja ile ndogo ya kichwa duara ya kazi ya visu, nimeshalipa nusu.